Historia ya Dari: Kutoka Msonge wa Bibi Hadi Paa la Bati

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Nyamwaga aliniuliza: "Bwana shamba, nataka kupiga dari mwenyewe, huko juu nipate chumba cha kuwekea mahindi. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwamba tuanzie kwa bibi.

Msonge wa bibi yangu ulikuwa na dari la fito juu ya mafiga. Hapo ndipo ulipokaa ulezi, mtama na mbegu ya msimu ujao. Moto uliwaka chini kila siku. Joto lilikausha nafaka, na moshi uliwafukuza wadudu na kulinda hata fito na nyasi za paa. Ulezi nao una punje ndogo mno, mdudu hapati nafasi ya kukulia ndani yake, kwa hiyo hukaa miaka bila kuharibika. Dari lile halikuwa sehemu ya kuwekea vitu tu. Lilikuwa mtambo wa kukaushia.

Kisha mambo matatu yalibadilika. La kwanza ni chakula: mahindi yalichukua nafasi kubwa ya ulezi, na punje ya mahindi ni nyumba nzuri kwa mdudu. La pili ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimbatiza "Scania". Hutoboa mahindi, muhogo mkavu na hata mbao. La tatu ni bati. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, na leo ukitoka Sirari hadi Mugumu unaliona kila kijiji. Nyumba ya bati ilipokuja, jiko lilihamia nje. Dari likabaki juu ya kitanda, halina moto chini yake.

Mimi mwenyewe nilinaswa hapo. Nilipomjengea mama nyumba ya bati, nilipiga mbao juu ya kenchi nikapandisha magunia 6. Stashahada ya kilimo ninayo! Baada ya miezi minne unga wa dumuzi ulikuwa unadondoka kitandani kwake. Mwaka ule mama alinunua chakula sokoni. Hakunigombeza, alisema tu: "Mwanangu, dari umeweka, moto umeuacha nje."

Hatuwezi kurudisha moshi ndani, unaumiza macho na mapafu. Lakini kazi ya ule moto lazima ifanywe kwa njia nyingine:

1. Kausha kabla ya kupandisha. Unyevu usizidi asilimia 13. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Usipuuze hili: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

2. Usitwishe kenchi. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na kenchi zilipigwa kubeba bati. Weka boriti zinazolala juu ya kuta zenyewe. Chumba kikizidi upana wa mita 3, muulize fundi kuhusu nguzo ya kati. Jipsamu haibebi mzigo kabisa.

3. Pitisha hewa. Bati huchemka mchana na kupoa usiku, kisha jasho lake hudondokea magunia. Acha matundu kwenye kuta za pembetatu pande zote mbili, na uyafunike kwa wavu kuzuia panya na ndege.

4. Chagua mbao kavu iliyotibiwa dawa, na ukague kila wiki mbili. Ukiona vumbi la unga, shusha magunia siku hiyohiyo.

5. Mifuko isiyopitisha hewa iweke chini, juu ya chaga, mbali na ukuta. Joto la bati halifai, na mfuko ukitobolewa na panya kazi yake imekwisha.

Yule mzee ameamua dari lake liwe la majembe, vikapu na magunia matupu. Mahindi yatakaa chini, kwenye mifuko. Nami nilifanya hivyohivyo kwa mama, na sasa analala bila kudondokewa na unga.

Tukutane shambani.