Bayreuth: Mji Ninaosoma

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, kusini mwa Ujerumani. Mji huu si mkubwa. Una wakazi zaidi ya 70,000 tu. Ulitajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1194.

Wageni huja hapa hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jumba la opera lililojengwa kwa amri ya mtawala Friedrich na mke wake Wilhelmine, dada wa mfalme wa Prussia. Lilifunguliwa mwaka 1748. Ndani kuna mbao nyingi zilizochongwa na kupakwa dhahabu, na tangu mwaka 2012 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ya pili ni mwanamuziki Richard Wagner. Yeye aliona jumba hilo halifai kwa kazi zake, akajenga la kwake kilimani, likafunguliwa mwaka 1876.

Lakini mimi nataka kueleza jengo la tatu. Nilipita mbele yake kwa muda mrefu bila kujua ni la nini. Liko karibu kabisa na jumba la opera, nalo ni sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi tangu mwaka 1760. Mwezi wa Novemba 1938 Wanazi walichoma masinagogi mengi nchini. Hili waliliharibu ndani, lakini hawakulichoma. Niliposikia hivyo nilifurahi, nikidhani majirani waliwatetea wenzao. Kumbe sivyo. Watu waliogopa moto usije ukashika jumba la opera. Mbao zilionewa huruma, binadamu hawakuonewa. Baadaye Wayahudi waliobaki mjini walipelekwa kwa nguvu kwenye kambi za Wanazi. Kabla ya hapo Hitler mwenyewe alikuwa akija mara kwa mara wakati wa kiangazi kusikiliza muziki wa Wagner.

Aprili 1945 mabomu yaliangushwa mjini na nyumba nyingi zikabomoka, lakini jumba la opera na sinagogi vilipona. Leo Wayahudi wanasali tena humo.

Mgeni akinitembelea, bado nampeleka kuona jumba la opera, kwa sababu ni zuri kweli. Lakini siku hizi kwanza tunasimama mbele ya jirani yake, nami namweleza kwa nini halikuungua.