Maji Yasiyomwagwa: Tarikhi ya Samaki na Mboga Katika Birika Moja

Ziko kazi mbili ambazo kwa zama nyingi zimehesabiwa kuwa mbali mbali, ya mfuga samaki na ya mkulima wa mboga, na ambazo katika nusu karne hii iliyopita zimekutanishwa katika birika moja, maji ya samaki yakinywesha mboga, na mboga zikiyasafisha maji hayo kabla hayajamrudia samaki. Wako wanaoinasibisha sanaa hii na watu wa kale wa Mexico, na wako wanaoihesabu kuwa ni uvumbuzi mtupu wa wataalamu wa Marekani. Nami naona kauli zote mbili zina upungufu, kwa kuwa zimemsahau mfanyakazi wa tatu asiyeonekana kwa macho, ambaye lau si yeye samaki wangekufa na mboga zisingestawi.

Watu wa Mexico, hata hivyo, wanastahili sifa yao. Mji wa Tenochtitlan, ambao mapokeo yanasema uliasisiwa mwaka 1325 juu ya kisiwa katika ziwa Texcoco, ulilishwa na mashamba yaitwayo chinampa, ambayo ni vitalu virefu vyembamba vilivyoinuliwa kwa tope na majani katika maji haba, kando zake zikashikwa na mizizi ya mierebi, na baina ya kitalu na kitalu ukapita mfereji wa mitumbwi. Mkulima alisimama ndani ya mtumbwi wake, akazamisha upondo mrefu wenye mfuko nchani, akateka tope jeusi lililochanganyika na mimea iliyooza na uchafu wa viumbe wa majini, akalitandaza, na lilipoanza kukauka akalikata vipande vya mraba, akatia mbegu katika kila kipande, na miche ilipopata nguvu akaihamisha pamoja na tope lake bila ya kujeruhi mizizi. Na kwa sababu upande mwingine wa ziwa ulikuwa na maji ya chumvi, baada ya gharika ya mwaka 1449 mfalme Nezahualcóyotl wa Texcoco alisimamia ujenzi wa boma la kilomita zipatazo 16, likayatenga maji ya chumvi na yale matamu. Lakini samaki wa mifereji ile hawakulishwa kwa ajili ya mboga, na kazi ya kuligeuza tope liwe chakula cha mmea ilitendeka kimya kimya ndani ya udongo.

Karibu zaidi na jambo letu ni desturi ya wakulima wa Qingtian, katika jimbo la Zhejiang nchini China, ambao kwa miaka ipatayo 1,200 wamefuga samaki ndani ya majaruba ya mpunga, samaki wakila wadudu na magugu na kuacha mbolea. Ila huko nako siri ilikuwa udongoni.

Waliofichua siri hiyo hawakuwa na haja ya samaki kabisa. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, waliokuwa wakichunguza namna ya kusafisha maji machafu ya mji, walijaza bomba refu mchanga na chokaa, wakayapitisha humo maji taka pole pole. Kwa muda wa siku 20 hivi amonia iliyoingia juu ndiyo iliyotoka chini, wala hapakuwa na badiliko lolote. Kisha nitrati, ambayo ndiyo riziki ya majani, ikaanza kuonekana, ikazidi, hata amonia ikatoweka. Kama ingalikuwa ni kazi ya mchanga peke yake, ingalianza tangu siku ya kwanza. Wakaingiza mvuke wa klorofomu, ambao huwalevya viumbe hai, na kazi ikasita. Wakauondoa, nayo isirudi, mpaka walipotia maji yaliyooshewa udongo wenye rutuba. Hapo ikawa dhahiri kwamba ndani ya bomba lile mlikuwa na uhai, na mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, akafaulu kuwatenga vijidudu hao na kuonyesha kwamba ni makundi mawili, moja likigeuza amonia kuwa nitriti na jingine likigeuza nitriti kuwa nitrati.

Mimi sijui jaribio lenye faida kubwa kuliko hilo kwa mtu atakaye kuanza kazi hii leo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, nayo ni sumu kwake. Na mwenye pupa, ajazaye birika jipya samaki wengi siku ile ile ya kwanza, huwaona wakihema juu ya maji na kufa kabla ya vijidudu kupata wasaa wa kuzaana, ilhali aliyesubiri wiki chache huwakuta wamekwisha kutanda juu ya kila kokoto.

Ilipita karibu karne nzima kabla ya maarifa hayo kukutanishwa na ufugaji. Taasisi ya New Alchemy, iliyoasisiwa mwaka 1969 na kufanya kazi huko Cape Cod, Marekani, ilifuga samaki na kuotesha mboga chini ya paa moja; na katika miaka ya 1980 Mark McMurtry, wa chuo kikuu cha North Carolina State, aliyapeleka maji ya samaki katika vitalu vya mchanga vilivyopandwa nyanya na matango, yakachujika na kurejea birikani, jambo ambalo kwa hakika ni bomba la Wafaransa wale lililooteshwa mboga juu yake.

Samaki aliyeistahimili kazi hii kuliko wengine ni perege, naye ni mwana wa Afrika. Taksiri yake moja ni kuzaa mapema mno, hata bwawa likajaa vidagaa visivyokua. C. F. Hickling, akifanya utafiti Malacca, alimpandisha dume wa perege aliyetoka Zanzibar, ambaye asili yake ni mto Wami, kwa jike wa perege wa Msumbiji, na watoto wakatoka madume. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1960, na wafugaji wa dunia nzima wakaifuata njia hiyo ya kutafuta madume watupu.

Lakini ukamilifu wa sanaa ulipatikana St. Croix, kisiwa cha Karibi kilicho na shida ya maji matamu, ambako James Rakocy na wenzake wa chuo kikuu cha Virgin Islands walifuga perege katika matangi manne, kila tangi likivuliwa baada ya wiki 24, zamu zikipishana hivi kwamba kila wiki sita palikuwa na mavuno, nayo maji yakapita chini ya mbao nyepesi zinazoelea, zenye matundu yaliyoshika letusi, mrihani na bamia. Huko ndiko ilikobainika kwamba samaki hampi mmea kila kitu: chuma hupungua, majani machanga yakawa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, na ilibidi kuongeza chuma kila baada ya wiki tatu, pamoja na chokaa na potasi za kuzuia maji yasiwe makali. Na chakula cha samaki kilinunuliwa kutoka nje. Kwetu chakula hicho aghalabu hutengenezwa kwa dagaa, ambao watu nao wanawahitaji mezani, na sijaona bado mfugaji mdogo aliyelimaliza tatizo hilo.