Singe Mbili za Mjerumani

Katika Ujerumani ya enzi za Kaisari, kabla ya Vita Kuu ya 1914, vijana walitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Singe ya kazi, yaani kile kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, ilitolewa na serikali. Lakini wengi walinunua kwa fedha zao singe ya pili, ya kuvaa siku za matembezi. Hiyo ilipakwa nikeli ikang'aa, wala haikutiwa makali. Ubavuni mafundi wa Solingen, mji mashuhuri kwa visu, walichora jina la kikosi na maneno yenye maana ya "Kwa ukumbusho wa utumishi wangu". Muda wake ukiisha, kijana alirudi nayo kwao akaitundika ukutani.

Ninayo moja hapa Ilomba. Niliinunua kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, pamoja na singe ya kazi iliyoliwa na kutu. Habari zake hakuzijua. Alijua uzito tu.

Singe za kazi ziliingia nyanda hizi kwa damu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Wajerumani walirudi, wakaitwaa Kalenga mwezi Oktoba 1894. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua asikamatwe. Baadaye ni vijana wa Kiafrika waliobebeshwa singe hizo. Von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wapagazi, ambao njaa na maradhi viliwamaliza njiani, hawakuwa hata na bunduki.

Sasa linganisha, ndugu msomaji. Kijana aliyepiga gwaride wakati wa amani ana kikosi chake kwenye chuma. Askari aliyetembea vitani miaka minne hakuchorewa hata herufi moja, na wapagazi wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Kumbukumbu ya yule ilinunuliwa dukani. Ya hawa ilikaa vinywani mwa wazee, na wazee wametutoka.

Kwa wakusanyaji wengi, ile yenye maandishi ndiyo yenye thamani. Mimi naona habari zake zimekwisha kuandikwa. Inayohitaji mwandishi ni ile ya kutu. Ukiikuta kijijini, pengine imegeuzwa kisu cha kuchunia ng'ombe, usianze na bei. Uliza ilikuwa ya nani, alipigana upande gani, na kama alirudi. Andika majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la kijiji. Mwenyewe akiridhia, vipelekwe vyote viwili, singe na daftari, kwenye makumbusho ya Boma la Iringa. Singe peke yake itawaambia wajukuu kwamba Mjerumani alipita hapa. Daftari litawaambia alimkuta nani.