Stelingi Aliyepanda Basi la Mtae



Katika gazeti letu hili zimekwisha andikwa sana habari za walimu wakuu, mabweni na vikombe vya mpira. Naomba nafasi nieleze historia ya kitu ambacho hakikuwekwa kamwe katika maktaba ya shule, ingawa kwa maoni yangu kilitufundisha Kiingereza kuliko vingi vilivyokuwamo. Nasema juu ya magazeti ya picha yaliyofika kwetu Mtae kila Krismasi.

Wasiopajua Mtae wajue kwamba ni mwisho wa safari. Kutoka Mombo unapanda Soni na Lushoto, unapita Magamba na Lukozi, hata unafika ukingoni ambapo mlima unakatika ghafula na nyika ya Mkomazi iko chini ya miguu yako. Mwezi wa Desemba waliokuwa wakifanya kazi Tanga, Korogwe na katika mashamba ya mkonge walirudi nyumbani. Basi lilishusha sukari, khanga na mafuta ya taa, na ndani ya sanduku la kila aliyesoma sekondari mlikuwa na magazeti. Hapakuwa na ubaguzi wa dini katika kuyasoma. Wakristo wakitoka kanisani na pilau ikiisha, Waislamu na Wakristo tulijazana kwenye koroboi moja.

Kitabu cha kwanza cha namna hiyo nilichokiona kilikuwa cha Kiingereza. Mjomba wangu alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja, naye aliporudi kwao alimwachia kitabu kikubwa cha jalada gumu. Huko Uingereza magazeti ya watoto, kama Dandy lililoanza mwaka 1937 na Beano la 1938, yalikuwa yakitoa kila mwaka kitabu kinene cha zawadi ya Krismasi. Kilitoka miezi kadhaa mapema, na mara nyingi kilipewa tarehe ya mwaka unaofuata. Basi chetu kilikuwa na 1966 juu ya jalada, na ndani, kwa wino, jina la mtoto na Krismasi ya 1965. Tulibishana juu ya jambo hilo likizo nzima. Mmoja wetu alishikilia kabisa kwamba Ulaya mwaka huanza mapema! Tulimpenda Desperate Dan, mwenye nguvu za kupita kiasi, aliyekula andazi la nyama ya ng'ombe pembe zikiwa zimechomoza. Theluji ilitushangaza kidogo, kwani baridi yetu sisi huja Juni na Julai, na Krismasi ni wakati wa mvua za vuli.

Baadaye nilijifunza kwamba Waingereza nao mashujaa wao wengine waliwaazima. Kampuni ya L. Miller ilikuwa ikichapisha upya hadithi za Kimarekani za Captain Marvel. Zilipokoma huko Marekani mwaka 1953, baada ya kesi ndefu na wenye Superman, Mick Anglo alitakiwa abuni mtu wa kushika nafasi hiyo. Ndiyo asili ya Marvelman, aliyeanza mwaka 1954 na kuendelea hadi 1963, naye akapata vitabu vyake vya Krismasi.

Kwa hiyo tusione haya kuwa stelingi wetu sisi pia alitoka mbali. Huyo alikuwa Lance Spearman, au Spear, wa gazeti la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey. Lilienea mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na vijana wa Nairobi na Lagos walilisoma kama sisi. Halikuchorwa: lilikuwa picha za watu wa kweli, na maneno yao yamechapwa juu yake. Spear alivaa kofia na tai ya kipepeo, akavuta sigara nene, akaendesha Stingray. Alisaidiwa na Kapteni Victor wa polisi, bibi Sonia, na kijana Lemmy ambaye kila mmoja wetu alitaka kuwa yeye. Adui alikuwa Rabon Zollo.

Katika vitabu vya Kiingereza tulivyovisoma mtu mweusi alikuwa mchukuzi wa mizigo, au mla watu. Hapa alikuwa ndiye anayepigiwa simu mambo yanapoharibika.

Mwalimu mmoja aliyachoma magazeti yetu, akisema ni ya kibepari, kwa ajili ya gari na wiski. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi ambalo hakulisema. Drum ilianzia Afrika Kusini mwaka 1951, na aliyemwigiza Spear alikuwa Jore Mkwanazi, Mwafrika wa huko huko. Nasi Tanzania tulikuwa tumesusia bidhaa za makaburu, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Tuliimba nyimbo za ukombozi gwaridani, na chini ya magodoro alilala Spear.

Je, tulidanganywa? Nimelifikiri sana. Katika hadithi nilizosoma ubaguzi haukutajwa hata mara moja, na hilo ni kosa lao. Lakini Spear aliingia popote bila kuulizwa, na Mkwanazi, akiisha kuvua kofia ile, alitakiwa atembee na pasi mfukoni. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Sithubutu kumlaumu mtu yule.

Kwa Kiswahili, Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), alitoa gazeti lake la picha, Film Tanzania. Kisha likaja Sani, na wadogo zetu wakawa watu wa Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Hayo wataeleza wenyewe.

Magazeti yetu mengi yalifungiwa karanga, yakajalidia madaftari, yakabandikwa ukutani kuzuia upepo wa ukingoni. Ninalo moja tu la Spear, halina ukurasa wa mwisho. Lemmy amefungwa kamba ghalani, maji yanapanda, na Spear bado yuko njiani. Mwenye ukurasa huo, au anayeukumbuka, anitafute siku ya mkutano.