Mungu Aliumba Vyote Pasipo Kitu: Habari za Fundisho Hili Tangu Kale

Katika mafundisho yote anayosomeshwa mkatekumeni, hili huja mapema kabisa: ya kuwa Mungu aliumba mbingu na nchi, na vyote vilivyomo, pasipo kitu. Watoto hulijibu kwa ghaibu hata kabla hawajajua kusoma. Na kwa kuwa jibu ni fupi, watu hudhani ya kuwa ni jepesi. Lakini Kanisa lililitetea kwa mashindano ya miaka mingi. Basi katika yubilei hii, tunapowakumbuka waliotuletea imani, yafaa tujue habari za neno hili walilotufundisha.

Ushuhuda wa kale ulio maarufu haukutoka kwa mwalimu wa chuo, bali kwa mama mmoja Myahudi. Twasoma habari zake katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7. Mfalme Antioko wa Nne, aliyeanza kuwatesa Wayahudi kwa ajili ya dini yao mwaka 167 kabla ya Kristo, aliwataka mama huyo na wanawe saba waivunje sheria ya Mungu. Sita walikataa, wakauawa machoni pake. Alipobaki mdogo wao, mfalme alimsihi mama amshauri mwanawe ajiponye. Mama akamwinamia, akanena naye kwa lugha ya wazee wao, akamtaka azitazame mbingu na nchi, ajue ya kuwa Mungu hakuzifanya kwa vitu vilivyokuwapo; kwa hiyo asimwogope mwuaji, wapate kuonana tena katika rehema ya Mungu. Mama huyu hakuwa akieleza asili ya nyota. Alikuwa akimtafutia mtoto wake tumaini mbele ya kifo, akaliona katika kazi ya Muumba.

Wenye hekima wa Wayunani walifikiri vingine. Plato, aliyekufa karibu na mwaka 347 kabla ya Kristo, alisimulia katika kitabu chake Timaeus habari za fundi mwema aliyeupanga ulimwengu. Lakini fundi huyo hakufanya kila kitu, ila alivitengeneza vilivyokuwa vikienda ovyo. Fikira hizo zilienea sana, hata Mtakatifu Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani mjini Roma karibu na mwaka 165, aliandika ya kuwa Mungu aliufanya ulimwengu kwa kitu kisicho na umbo. Wakati ule neno lilikuwa halijapambanuliwa vema.

Aliyelipambanua waziwazi ni Teofilo, askofu wa Antiokia, karibu na mwaka 180. Alisema ya kuwa kama kitu hicho hakina mwanzo, basi ni sawa na Mungu. Tena, fundi yeyote akipewa vifaa aweza kufanya kazi. Uwezo wa Mungu wajulikana katika kufanya apendavyo pasipo kupewa chochote. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, alifundisha hayohayo katika miaka ile.

Punde ubishi ukafika Afrika. Mchoraji mmoja, jina lake Hermogene, alifundisha ya kuwa kitu cha asili kilikuwako milele pamoja na Mungu. Hoja yake haikuwa ya kipuzi: Mungu ni mwema, basi mabaya yametoka wapi? Yeye alijibu ya kuwa yametoka katika kitu hicho. Tertuliano wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, alimjibu kwa kitabu kizima mwanzoni mwa karne ya 3. Alionyesha ya kuwa kwa njia hiyo Mungu angekuwa mdeni wa kitu alichokihitaji, na ulimwengu ungekuwa na miungu miwili.

Lakini swali la mabaya lilibaki. Lilimsumbua Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwingine, aliyewafuata Wamanikayo kama miaka 9, kwa kuwa walifundisha asili mbili, ya nuru na ya giza. Hata alipoongoka alielewa ya kuwa ubaya si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema, kama ugonjwa ulivyo upungufu wa afya. Baadaye, Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulilitangaza fundisho hili, na Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870 ukalithibitisha tena.

Pwani yetu nayo ililipokea kwa neno lake yenyewe. Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844. Na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Neno ni kuumba, nalo ni ndugu wa umbo. Katika lugha za jamaa zetu lafanana na kazi ya mfinyanzi: Waganda husema kubumba, yaani kufinyanga chungu. Kwa hiyo wakatekista walikuwa na kazi ileile ya Teofilo: kulitwaa neno la mfinyanzi na kueleza ya kuwa Mfinyanzi huyu hakukuta udongo mahali popote, kwa kuwa udongo nao ni kazi yake.

Basi, Mkristo, usilihesabu fundisho hili kuwa la watoto tu. Kama Mungu hakukuta kitu, basi hakuna pepo, wala uchawi, wala nguvu yoyote iliyokuwako kabla yake hata imshinde. Na tunapowazika wapenzi wetu, miili yao ikarudi mavumbini, hatuna tumaini lingine ila lile la mama wa Wamakabayo: aliyewapa uhai walipokuwa si kitu, hashindwi kuwaita tena.