Dishi Moja, Vyumba Viwili

Ndugu msomaji, kwetu Jipe dishi ni moja na vyumba vyenye televisheni ni viwili. Sebule ya baba iko mbele, chumba cha bibi kiko nyuma ya ua, na kati yake kuna hatua ishirini na tatu. Nimezihesabu mara nyingi, kwa sababu waya nimeuchimbia mimi mwenyewe kwa jembe. Nimesoma historia hadi kidato cha nne, ya wafalme na ya vita, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha historia ya hatua hizo ishirini na tatu. Basi leo niacheni niisimulie.

Tuanzie mbali kidogo. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Wakenya, ambao sisi tunawatazama ng'ambo ya ziwa, walikuwa nayo tangu 1962. Bara tulikaa bila. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa: utawapaje watu wa mjini sinema za nyumbani wakati kijijini hakuna maji? Tukabaki na Redio Tanzania. Sheria ya kuruhusu vituo vya watu binafsi ilipita mwaka 1993, ITV ikaanza kuonekana Dar es Salaam mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000.

Bibi anazikumbuka zama za redio. Anasema redio ya jirani yao ilitundikwa kwenye mgunga, na kila mpita njia alikuwa na haki ya kusimama na kusikiliza. "Hakuna aliyeuliza redio ni ya nani," husema. "Tuliuliza tu betri zimebaki ngapi."

Televisheni haikuwa na huruma kama redio. Mawimbi yake husafiri kwa kunyooka, na yakikutana na mlima huishia hapo. Sasa mtu wa Jipe amebanwa na milima ya Upare ya Kaskazini upande wa magharibi. Hata ukifunga antena kwenye mti mrefu kuliko yote, unachopata ni chenga. Lakini shida hii si yetu peke yetu. Mwaka 1948 huko Marekani, katika miji iliyojificha kwenye mabonde ya Pennsylvania, watu walichoka na chenga kama sisi. Wakasimamisha antena juu ya kilima, wakashusha waya mpaka bondeni na kuugawa nyumba hadi nyumba. Televisheni ya kebo ilizaliwa hivyo, kwa sababu ya mlima. Waya wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi. Mwingereza Oliver Heaviside aliusajili mwaka 1880: uzi wa shaba katikati, kizuizi kati, na kingo ya waya nje, ili mawimbi yasitoroke njiani.

Kisha mtu akawaza: kwa nini antena isiwe juu kuliko mlima wowote? Arthur C. Clarke aliandika wazo hilo mwaka 1945, na mwaka 1965 setilaiti ya Early Bird ilirushwa kuunganisha Ulaya na Marekani. Setilaiti ya aina hiyo hukaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini ni kama imesimama. Ile tunayoielekea sisi iko nyuzi 7 mashariki, juu ya bahari karibu na kisiwa cha São Tomé. Dishi letu linatazama magharibi, kule kule iliko milima, lakini limeinua uso kupita vilele. Kizuizi cha karne nzima kikapitwa kwa kuinua shingo tu!

Haya, turudi uani. Bibi alipoanza kuugua miguu, tulikuwa tunambeba kila jioni kumleta sebuleni, mimi na baba mdogo, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki. Baba akachoka na zogo hilo wakati wa mpira. Akasema, "Mpelekeeni na yeye ya kwake." Nikauza samaki wa wiki tatu, nikanunua televisheni ndogo iliyotumika na king'amuzi cha pili cha chaneli za bure. Nikakata waya wa dishi, nikaweka kigawanyio cha bei rahisi, nikatandika hatua zangu ishirini na tatu. Bibi akapata picha. Nikajiona injinia.

Jioni baba alipofungulia mpira, picha ya bibi ikakatika. Akibadili chaneli, ya bibi inarudi. Nikahisi mambo ya ushirikina. Fundi kutoka Mwanga alipokuja alicheka sana.

"Dogo, umempa mtumishi mmoja mabwana wawili."

Akanieleza. King'amuzi hakipokei tu, nacho hupandisha umeme mdogo kwenye waya kuiamuru LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Volti 13 maana yake nipe mawimbi yaliyosimama, volti 18 maana yake nipe yaliyolala. Mpira wa baba ulikuwa kwenye yaliyolala, chaneli ya bibi kwenye yaliyosimama. Amri mbili zikikutana kwenye waya mmoja, 18 inashinda 13. Dawa yake ni LNB ya midomo miwili, kila king'amuzi na waya wake mpaka juu ya dishi, na kila bwana anasikilizwa kivyake. Nikauza samaki tena.

Safari hii ikakubali. Baba na mpira wake, bibi na taarifa yake ya habari. Nyumba ikatulia.

Ilitulia mno, ndugu msomaji. Wiki ya pili nilimpelekea bibi chai, nikakuta televisheni inawaka na yeye ameipa mgongo, anatazama mlango.

"Mjukuu wangu," akasema, "huo waya mmeuleta nione, au mmeuleta msinibebe tena?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli hatukuwa tumembeba tangu siku ile. Mgunga ulikuwa na redio moja na watu thelathini. Sisi tuna dishi moja, skrini mbili, na kila skrini ina mtu mmoja.

Waya sikuung'oa, kwa sababu zipo jioni miguu inamuuma na hawezi kuguswa. Lakini siku nyingine mimi na baba mdogo tunambeba kama zamani, na baba amejifunza kusogeza kiti chake. Siku asizobebeka, mimi ndiye ninayezitembea hatua ishirini na tatu. Namsomea maandishi ya chini ya skrini, maana macho yake hayayafikii, naye ananisahihisha majina ya mawaziri wa zamani.

Je, kwenu vyumba ni vingapi, na nani anazitembea hatua za katikati?