Benki ya Seli kwa Nani? Kulisoma Upya Jaribio la Kobe

Miongoni mwa wanaoandika juu ya tiba ya kurejesha viungo kwa seli shina, imezoeleka kusemwa kwamba swali la chanzo cha seli limekwisha. Kumtengenezea kila mgonjwa seli kutokana na mwili wake ni anasa, wanasema. Njia ya kweli ni benki ya seli za wachangiaji wachache waliochaguliwa, na nchi kama zetu zisubiri bei ishuke zikanunue. Napinga hoja hiyo, hasa sehemu yake ya mwisho.

Msingi wa kisayansi hauna ubishi. Mwaka 2006 maabara ya Shinya Yamanaka, Kyoto, ilionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya ikiingiziwa jeni nne hurudi katika hali inayofanana na ya kiinitete, na kutoka hapo huweza kuelekezwa iwe seli ya moyo, ya neva au ya jicho. Mwaka uliofuata iliwezekana kwa seli za binadamu. Moja ya jeni hizo, c-Myc, inahusishwa na saratani, kwa hiyo hofu ya uvimbe ilizaliwa pamoja na ugunduzi wenyewe.

Ushahidi unaotumiwa zaidi kuunga mkono benki ni jaribio la Kobe. Septemba 2014 timu ya Masayo Takahashi wa taasisi ya RIKEN ilimpandikiza mama mmoja wa miaka sabini na kitu, ambaye sehemu ya kati ya retina yake ilikuwa imeharibika kwa uzee, kipande cha seli cha milimita 1.3 kwa 3 kilichotokana na ngozi yake mwenyewe. Matokeo yalichapishwa Machi 2017 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja kipande kilikuwa kizima, uvimbe haukuonekana, dawa za kushusha kinga hazikuhitajika, na uwezo wa kuona haukupanda wala kushuka. (Toleo hilohilo lilikuwa na taarifa ya wanawake watatu wa Marekani waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki kuwadunga machoni kile ilichokiita seli shina za mafuta yao. Kinachouzwa kwa jina hilo si kitu kimoja.) Mgonjwa wa pili hakupandikizwa. Seli zake zilikutwa na mabadiliko katika DNA, jaribio likasitishwa, na mwaka 2017 timu ikarudi na seli za mchangiaji.

Wafuasi wa benki husoma habari hii kama kushindwa kwa seli za mwenyewe. Mimi naisoma tofauti. Kilichokwamisha ni uhakiki: kila mgonjwa alihitaji seli kukuzwa na kupimwa upya, kazi iliyoripotiwa kufikia takriban yeni milioni 100 kwa mgonjwa wa kwanza. Mabadiliko ya DNA hutokea hata katika seli za mchangiaji. Tofauti ni kwamba hupimwa mara moja kwa niaba ya wengi. Gharama ya kazi kama hiyo hushuka mitambo ikichukua nafasi ya mikono.

Uchache wa wachangiaji wanaolingana kwa HLA haushuki hivyo. HLA ni alama ambazo mfumo wa kinga hutumia kutambua seli za mwili na za mgeni. Benki ya seli ya Kyoto ilitafuta watu waliorithi seti moja ya HLA kwa baba na kwa mama, kwa sababu seli zao hukubalika kwa yeyote mwenye seti hiyo. Aina nne tu zilitosha kugusa takriban asilimia 40 ya Wajapani. Hesabu hiyo imewezekana kwa kuwa Wajapani wanafanana sana kwa HLA. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi kuliko zote. Uchambuzi wa sajili ya wachangiaji wa uloto ya Marekani, uliochapishwa 2014, ulikadiria nafasi ya kupata mchangiaji anayelingana kikamilifu kuwa asilimia 75 kwa wazungu wenye asili ya Ulaya na 19 kwa Wamarekani weusi. Sioni sababu ya benki ya seli kukwepa kisiki hicho.

Nitajibiwa kwamba wagonjwa wa Kobe wa 2017 walivumilia seli za mchangiaji. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, lakini walichaguliwa kwa kulingana HLA, na jicho ni mahali ambapo kinga huwa pole. Moyo na kongosho havina upole huo. Wengine watasema HLA ifutwe kwa kuhariri jeni. Hoja hii ni nzito zaidi. Hata hivyo, seli isiyo na alama hizo hushambuliwa na askari wengine wa kinga, na ikifichwa kwao pia, siku ikigeuka saratani itaonwa na nani?

Badala ya kusubiri bei, kwetu pa kuanzia papo: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tayari huwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao, na ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Wagonjwa wa figo nao hupimwa ulinganifu kabla ya kupandikizwa. Vipimo hivyo, vikikusanywa bila majina, ndivyo vitakavyoonyesha ni wagonjwa wangapi wa kwetu wangefaidika na benki ya Kyoto au nyingine yoyote. Nadhani watakuwa wachache mno kuhalalisha ununuzi, na kwamba maabara ya kukuza na kuhakiki seli za mgonjwa mwenyewe, pamoja na ughali wake, itatufaa mapema zaidi.